Shairi la Vinyungu

Umande ulikuwa haujakauka Oktavia aliposikia sauti ya Hilda ikipanda bondeni, na jembe likamlemea mkononi.

"Chemchemini alianza mzaa Dionis," Hilda aliimba kwa Kibena, "akafuata mzaa Hilario, penye mianzi akakomea mzaa Oktavia."

Wanawake wakaitikia huku wakiinua matuta ya vinyungu, vile vishamba vya bondeni vinavyowalisha kiangazi kizima.

Shairi lile, lililotaja mama wa nani alilima wapi, lilikuwa la mama yake Oktavia. Alipofariki, wanawake walikaa wakamkabidhi Hilda, mke wa kuja kutoka Lugarawa, Mpangwa aliyejifunza Kibena ukubwani. Ana kumbukumbu, walisema. Na mimi nina nini, matope? Miaka mitatu Oktavia aliitikia meno yameumana.

Asubuhi hiyo likashuka gari la wilaya. Tangu biashara iachiwe huru, tajiri mmoja wa malori huko Makambako alikuwa akilitolea macho bonde apande viazi. Bwana ardhi aliyekuwemo akauliza hati. Hati! Hapa watu walirithi kwa mdomo.

"Hati yetu ndiyo hii," Hilda alisema, akaliimba shairi lote.

Bwana ardhi akasikiliza, kalamu hewani. Nyuma ya gari vigingi vilikuwa vimeshachongwa.

"Nani anathibitisha? Namtaka mzaliwa wa hapa, sitaki mke wa kuja."

Wote wakamgeukia Oktavia.

"Haya, dada," Hilda akanong'ona. "Sema ni la mama."

Dada! Mama yupi, wa nani? Oktavia akamgeuzia kisogo.

"Analijua mwenyewe," alisema. "Katunga huyo. Sisi tunaitikia tu."

"We Oktavia!" mmoja akafoka. "Unachoma nyumba nawe umo ndani?"

Bwana ardhi alikuwa ameshainamia karatasi, akisoma anachoandika: "Bonde... halina... wenyewe."

"Sijasema hivyo, bwana."

"Umesema vya kutosha, mama. Wewe ni mwelewa. Hebu nishikie mwisho wa kamba ya kupimia."

Akaushika. Akarudi kinyumenyume kama alivyoelekezwa, wenzake wakimtazama, njegere zake zilizoanza kutoa maua zikilala chini ya visigino vyake.

"Vuta, mama," bwana ardhi akapaza sauti. "Bado imelegea."