Mlango Ulionyooka

Mwaka ule bwawa lilirudi nyuma polepole, kama mtu anayetoka katika chumba cha mgonjwa bila kutaka kumwamsha. Kila asubuhi watu wa Karuari, chini kabisa huku Mbeere, walikuta maji yamesogea hatua nyingine mbili, na mahali yalipokuwa jana pamebaki tope laini linalong'aa kama samli. Ukungu ulipolala juu yake, hungeweza kusema nchi kavu inaishia wapi.

Kijiji kilipata maji yake kutoka kwenye mkono mwembamba wa bwawa, ulioingia kati ya vilima viwili. Mdomoni mwa mkono huo palikuwa na ulimi mrefu wa mchanga, na maji yaliuzunguka kwa kona kubwa kabla ya kuingia. Kwenye kona ile ndipo tope la mto lilipokuwa likitua, mwaka baada ya mwaka. Asubuhi moja ya Februari pampu ya kijiji ilikohoa, ikatema uji mwekundu, ikanyamaza.

Virginia Karimi, mwenyekiti wa kamati ya maji, alivua viatu akaingia kuangalia. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mkulima wa matikiti na muguka, yale majani ya kutafunwa kama miraa, aliyeolewa hapa akitokea juu kwenye mashamba ya chai, karibu na msitu wa mlima. Tope lilimfika magotini. Alichota kiganja kimoja, akakinusa, na kwa ghafla akawa amesimama katika shamba la mama yake: ubaridi, majani yaliyooza, moshi wa asubuhi. Mto ulikuwa umeubeba udongo wa kwao njia yote ile, ukaja kuulaza mlangoni pake. Mumewe, Antony, aliyekuwa ukingoni na fimbo akiangalia mamba, ilibidi amwite mara tatu.

"Mama Joyline! Umepatwa na nini?"

"Hakuna. Nimesikia tu harufu ya nyumbani."

Kamati iliiandikia barua ofisi ya maji, Embu mjini. Mapema mwezi wa tatu, kabla ya mvua, akaja injinia mmoja aitwaye Mutembei, mtu wa Mikinduri, mpole wa sauti, mwenye kofia ya nyasi ambayo hakuivua hata alipoingia kanisani ambamo mkutano ulifanyika. Alichora kwa chaki kwenye sakafu ya saruji.

"Kuna njia mbili," alisema. "Ya kwanza, tuchimbe kona ile ile ya zamani. Itajaa tena, na kila mwaka mtaisafisha kwa mikono. Ya pili, tukate huu ulimi wa mchanga katikati. Mlango utakuwa mpana, umenyooka, na mtasahau habari ya tope kwa miaka mingi."

"Na hasara ya hiyo ya pili?" aliuliza Ciakuthii.

Huyu alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mwembamba, ambaye shamba lake la ndengu lilipakana na mkono ule wa maji, likitazamana na ulimi wa mchanga.

"Hasara ni ndogo, Cucu," injinia alijibu, akimwita bibi kwa lugha ya huko. "Labda mawimbi kidogo."

"Wewe umeona upepo wa mwezi wa nane hapa kwetu?"

"Sijauona."

"Mimi nimeuona miaka arobaini. Huo mchanga ndio unausimamisha. Mkiutoboa, upepo utaniingilia mpaka jikoni."

Watu walinong'onezana. Nje jua lilikuwa likikausha kila kitu walichopanda. Mikono ilipoinuliwa na kuhesabiwa, ikawa sawa kwa sawa, na wote wakageuka kumwangalia Karimi. Alimwona Ciakuthii akimtazama bila kuomba chochote. Aliyaona pia matikiti yake, madogo kama ngumi, yakisinyaa kwenye vumbi.

"Tukate," alisema.

Ciakuthii alijifunga shuka lake mabegani, akatoka.

Mtambo ulikuja ukiwa umekaa juu ya chelezo, na bomba refu nyuma yake. Kwa siku tano ulinguruma pale, ukinyonya mchanga na tope na kuvirusha ng'ambo kwa upinde mkubwa mwekundu. Mchana, jua likipiga katika upinde ule, rangi za upinde wa mvua zilining'inia hewani, na wanawake waliokuwa wakipalilia waliacha majembe wakatazama kama watu waliolala macho wazi. Siku ya tano ukuta wa mwisho wa mchanga ulilegea wenyewe. Maji yaliingia bila kelele, mapana, ya kijani kibichi, yakapanda juu ya tope lililopasuka, yakaifikia pampu. Watu waliimba. Karimi naye aliimba, lakini aligundua kwamba macho yake yalikuwa ng'ambo, kwenye mlango wa Ciakuthii, ambao ulikuwa umefungwa.

Miezi minne ilikuwa mizuri. Muguka ulichipua majani mekundu laini, matikiti yakanenepa. Kisha ukaja mwezi wa nane.

Mchana mmoja Karimi alijilaza kidogo mkekani baada ya kupalilia, usingizi ukamchukua. Akamwona mama yake, aliyekufa zamani, akitembea juu ya maji ya bwawa na kikapu cha chai mgongoni. Kila hatua alichovya mkono kikapuni, akatoa udongo, akaumwaga. "Nikuwekee wapi?" aliuliza. "Mwanangu, nikuwekee wapi?" Karimi alitaka kujibu, lakini mdomo ulikuwa mzito. Kikasikika kishindo, kama gunia la ndengu limeangushwa kutoka juu ya lori. Akaamka. Kishindo kikaja tena, na hakikuwa cha ndotoni.

Alikimbia kuufuata mlio, akauzunguka mkono wa maji, hadi kwa Ciakuthii. Upepo ulikuwa ukipita katika ule mlango ulionyooka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Mawimbi yaliingia moja baada ya jingine, yakaufukua ukingo chini kwa chini, na ardhi ya juu ikakatika mapande mapande. Mistari ya ndengu ilining'inia hewani kwa mizizi yake. Ciakuthii alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko lake, mikono mapajani, akitazama.

"Hilo ni la tano tangu asubuhi," alisema. "Karibu, keti."

Karimi hakuweza kuketi. "Cucu, kwa nini hukuja kuniambia?"

"Nilikuambia mwezi wa tatu."

Pande jingine likaanguka. Maji yakawa mekundu, kisha yakatulia, kisha yakawa mekundu tena.

Karimi alipima kwa hatua kutoka mlango wa jiko hadi ukingoni: thelathini na moja. Wiki iliyofuata zilikuwa ishirini na mbili. Hapo akampigia simu Mutembei, na kesho yake injinia akafika. Alitembea ukingo wote, Karimi nyuma yake. Mwisho alivua ile kofia ya nyasi.

"Nimekosea, Madam," alisema. "Nilipima maji. Upepo sikuupima. Na huyu mama alinionyesha."

"Sote alituonyesha. Sasa itengenezwe vipi?"

"Tufunge tulipokata, kwa magunia ya mchanga. Halafu tuchimbe kona ya zamani. Mtambo umeenda mbali, haurudi mwaka huu. Itabidi iwe kwa mikono, wiki tatu hivi pampu ikiwa imezimwa, na ianze sasa hivi, maji yakiwa bado chini."

Mkutano wa pili haukuwa na nyimbo. Muthamia, mkulima wa nyanya mwenye sauti kubwa, alisimama hata kabla ya maombi kuisha vizuri.

"Tufunge maji yetu wenyewe? Nyanya zangu zimeweka maua! Wiki tatu bila pampu, si ni kuziua?"

"Zingine zitakufa," Karimi alisema. "Sitakudanganya. Ile siku mikono ilikuwa sawa kwa sawa. Mimi ndiye niliyeamua. Nilijua Cucu anasema kweli, na bado nikachagua matikiti yangu. Sasa simlazimishi mtu. Kesho asubuhi naanza kujaza magunia. Wa kuja aje."

Asubuhi alikuwa peke yake na Antony. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba walisikiana makoleo bila kuonana. Baada ya muda Karimi alisikia koleo la tatu, akadhani ni mwangwi. Alikuwa Mutembei, suruali ameikunja magotini. Halafu likaja la nne na la tano. Kufikia saa nne, jua lilipofungua ukungu, kulikuwa na watu kama thelathini kwenye ulimi wa mchanga, na Muthamia kati yao, amenuna, akijaza gunia lake kwa hasira na kulifunga vizuri kuliko wengine wote.

Wakafanya kazi hivyo wiki tatu. Mchanga uliingia kwenye magunia. Tope jekundu walilolitoa kwenye kona walilibeba kwa mikokoteni, wakalishindilia kwenye ukingo wa Ciakuthii, na juu yake wakachomeka matete. Siku walipolaza gunia la mwisho, maji yalisita. Yalizunguka mahali pamoja kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Kisha, polepole sana, yakageuka yakaanza kuitafuta kona yao ya zamani. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama ndani yake, wakiyasikia yakiwapita miguuni.

Robo ya shamba la Ciakuthii ilikuwa imekwenda na haikurudi. Nyanya za Muthamia zilikufa karibu nusu, na kwa miezi kadhaa hakumsalimia Karimi ila kanisani. Maji ya pampu yakawa ya zamu, siku tatu kwa wiki, na kijiji kikakubaliana kwamba kila Februari familia zote zitashuka kusafisha kona.

Mwezi wa kumi, mvua za kwanza zilipokaribia, Karimi alienda kwa Ciakuthii akiwa na barua ya kuacha uenyekiti. Alimkuta akiyafunga kwa kamba matete yaliyolazwa na upepo.

"Nataka uisome kwanza kabla sijaipeleka kwa kamati," Karimi alisema.

"Sina miwani. Inasema nini?"

"Kwamba ninaondoka. Mtu mwingine ashike."

Ciakuthii aliendelea na matete yake. "Huyo mwingine atajua upepo unapita wapi?"

Karimi aliikunja barua tena.

"Basi shika hapa," Ciakuthii alisema, akimpa ncha ya kamba. "Vuta. Si hivyo, vuta kwa huku, yasimame."

Karimi aliiweka barua mfukoni, akavuta. Ng'ambo, mawimbi madogo yalifika kwenye magunia, yakajikunja, yakalala.