Mizabibu ya Mzee Semboja

Babu yetu Mhina alikuwa mpishi wa misheni. Mapadre walimpa vijiti vya mizabibu, akavipanda kando ya mfereji hapa Magoma. Baba yetu, Mzee Semboja, aliongeza shamba mwaka hadi mwaka mpaka likapakana na mkonge. Zabibu tulizikanyaga kwa miguu iliyooshwa vizuri, tukachuja kwa kitambaa cheupe, divai ikatulia kwenye mapipa, kisha ikapelekwa altareni. Hatukuiuza kilabuni hata siku moja. Nilikua nikijua kwamba kilichomo katika kikombe anachoinua padre kimetoka mikononi mwetu, na nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Mwaka 1974 tuliambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa ng'ambo ya mto. Kaka yangu Filemoni ndiye aliyekuwa katibu wa kijiji. Alikuja nyumbani kutueleza: ardhi ya zamani yote itakuwa shamba la pamoja la pamba, isipokuwa penye mazao ya kudumu yaliyo hai. Hayo mwenyewe ataruhusiwa kuendelea kuyatunza. Bwana shamba angekuja kukagua.

"Basi sisi tumepona," nilisema.

Kesho yake nilimkuta Baba ananoa kisu cha kupogolea. Nilishtuka.

"Baba, ngoja kwanza wakague. Ukipogoa sasa watakuta vijiti vitupu."

"Agosti inakwisha, Sipora. Nikichelewa, zabibu zitakutana na masika zioze zote. Padre atabariki nini? Uji?"

"Bwana shamba haijui mizabibu."

"Kaka yako anaijua. Amezaliwa humu. Atamweleza."

Tukapogoa. Mzabibu ukishapogolewa na kung'olewa majani hauna uzuri wowote. Ni kisiki chenye vidole vikavu. Tulipomaliza mstari wa mwisho Baba alivua kofia, tukasali.

Wiki ileile bwana shamba alifika. Alikuwa kijana wa mbali, mwenye adabu. Alifuatana na Filemoni, na nyuma yao alikuja jirani yetu Sadala pamoja na watu wengine waliotaka kuona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hayo mazao yako wapi?"

"Umesimama katikati yake."

Kijana alitazama huku na huku. "Mzee, mimi naona kuni."

"Ni kuni za baba yake katibu hizo!" Sadala alisema. "Ziandike kwamba ni hai, bwana shamba. Michungwa yangu ilikuwa na majani, mkasema imekufa."

Watu wakacheka. Filemoni hakucheka.

Nilikwaruza gome la mzabibu mmoja kwa ukucha, nikamwonyesha bwana shamba ukijani wa ndani. "Tukifungulia maji ya mfereji, baada ya wiki mbili utaona machipukizi. Tafadhali, ngoja wiki mbili tu."

"Mama, hata mti uliokatwa jana una ukijani." Kisha akamgeukia kaka yangu. "Katibu, wewe umekulia hapa. Ni kweli vitu hivi huchipua?"

Filemoni alimtazama Sadala, akatazama viatu vyake mwenyewe. Kila Agosti ya utoto wetu tulipogoa pamoja. Kovu la kisu kilekile lilikuwa kwenye kidole gumba chake, akakikunja ndani ya ngumi.

"Mimi nilikwenda shule mapema," alisema. "Mambo ya shamba siyajui sana."

Nilimtazama Baba. Alikuwa amefungua mdomo kidogo, kama mtu anayengoja sentensi imalizike.

Bwana shamba aliandika kwamba mizabibu imekufa. Tulifungulia maji hivyo hivyo. Trekta lilipokuja, mahali palipokatwa palikuwa panadondosha maji, na vifundo vilianza kuvimba. Dereva alishuka akagusa kimoja.

"Mama, mbona hivi viko hai?"

"Viko hai," nilimjibu.

Kisha akapanda tena, kwa sababu alikuwa ametumwa. Shamba la mikono ya babu na baba lilikwisha kabla ya saa sita mchana.

Sasa padre hununua divai mjini. Kila Jumapili, kabla sijapokea kikombe, naomba nipewe moyo wa kumsamehe kaka yangu. Sijapewa.

Mara tu tulipohamia, Filemoni alikuja kutuona katika nyumba mpya, tulipokuwa tunakaribia kula. Hakuketi.

"Baba, nisingeweza. Wangesema napendelea nyumbani."

"Hukuulizwa kama unapendelea," Baba alisema taratibu. "Uliulizwa kama inachipua."

Baba akanigeukia.

"Sipora, mletee mgeni maji anawe."

"Mgeni, Baba?"

Nilileta birika na beseni, nikammiminia kaka yangu maji mikononi, nikamwambia karibu, kama tunavyowaambia watu wanaopita njia.