Wawili wa Chumba cha Kumi na Tisa

Saa sita mchana Gilfoyle, askari wa zamu, alivuta soksi nene za sufu juu ya viatu vyake kama kila siku, akaanza kusukuma toroli la chakula. Soksi zilikuwa amri. Gereza letu jipya la Filadelfia lilijengwa ili mfungwa asisikie hata unyayo wa binadamu, na magurudumu ya toroli nayo yalifungwa ngozi. Kila mtu alikuwa na chumba chake, kila chumba na kiua chake chenye ukuta mrefu, na kitundu kimoja darini cha kuonea mbingu. Mfungwa akitolewa alivikwa mfuko wa kitambaa kichwani, asione wala asionekane. Watu walivuka bahari kutoka Ufaransa na Prussia waje kulitazama, na sisi tuliwatembeza vifua mbele.

Tulikuwa na haki ya kujivuna, jamani. Lile gereza la zamani usiombe. Wazee kwa vijana walirundikwa chumba kimoja, wakiuziana pombe, wakivuana nguo, wakiumizana. Ndipo Marafiki, hawa watu wa dini wasiovua kofia hata mbele ya hakimu, wakasema kwamba mtu akikaa peke yake kimya, Mungu atasema naye, naye atageuka. Ibada yao wenyewe ni kimya. Hakuna mhubiri, hakuna wimbo. Basi kile walichokipenda kuliko vyote wakawapa wafungwa, bila kipimo.

Alipofika chumba cha kumi na tisa, Gilfoyle alisikia kicheko. Akafungua kidirisha cha mlangoni. Lemuel Trexler, fundi viatu, aliyefungwa miaka mitatu kwa wizi wa farasi, alikuwa amekaa kitandani akishona soli. Kando yake alikuwa amekaa Lemuel Trexler, akimshikia uzi.

"Leta bakuli la pili," akasema aliyekuwa anashona.

"Mko wawili tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Nilikuwa nasema peke yangu, si unanijua? Mara nikajibiwa."

"Na yeye anakula nyama?"

"Ninachokula mimi ndicho anachokula. Fanya haraka bwana, supu inapoa na mwenzangu ana njaa ya safari."

Gilfoyle akarudi jikoni. Mpishi akamuuliza bakuli ni la nani, akajibu la Trexler. Na lile la kwanza? La Trexler. Mpishi akapakua.

Kabla ya hapo Lemuel alikuwa amekwisha. Alikuwa haamki, hali, anapigapiga paji la uso ukutani taratibu kama mtu anayebisha hodi. Sasa utamtambulia wapi! Walishindana mbio kiuani, wakabishana juu ya visigino, wakaimba kwa sauti ya chini nyimbo za Kijerumani za mama yao. Viatu vilitoka chumba kile mara mbili ya vyumba vingine. Jioni walisimuliana visa vya utotoni. Kila mmoja alikijua kisa kabla hakijaanza, na kila mmoja alikisikiliza mpaka mwisho, akicheka palepale pa kuchekea. Alipoamka asubuhi Lemuel alinyoosha mkono kwanza kuhakikisha mwenzake yupo, na alikuwepo, na siku ikaanza kwa shangwe.

Habari zikamfikia Obadiah Pennock, mwenyekiti wa kamati ya gereza. Huyu alikuwa Rafiki kweli kweli, na nisimsingizie, alikuwa mtu mwema wa kusalimia hata punda wa watu. Akaja, akaingia chumbani na kofia yake pana, wawili wale wakamsogezea kiti.

"Rafiki Lemuel, ni nani kati yenu aliyeiba farasi?"

"Mimi," wakasema wote wawili.

"Na mnajutia?"

Wa kulia akainamisha kichwa. "Mwanzoni nilikuwa nauambia ukuta kwamba nilikosea. Ukuta haukuambii pole wala shenzi. Juzi nimemwambia huyu. Nikamweleza yule mwenye farasi alivyolia, mkulima wa watu, na msimu wa kulima umefika. Huyu akanitazama. Akaniambia, 'Lemuel, ulifanya jambo baya sana.' Basi nikalia mpaka kamasi."

"Tulilia wote," akasema wa kushoto.

Pennock alitoka mle mbio mbio. Askari walisema hawakuwahi kumwona akikimbia.

Jioni ileile kamati ilikutana nyumbani kwake, dada yake Tabitha akigawa vipande vya pai la tofaa. Marafiki hawapigi kelele, lakini siku hiyo walikaribia. "Amejuta! Toba ya machozi, nimeiona kwa macho yangu!" Watu walisimama, wakaketi, wakashikana mikono. Mmoja akasema kumbe upweke una nguvu hivyo, umeleta watu wawili waliotubu mahali alipoingizwa mmoja. Magazeti yataandika mpaka Uingereza! Mwingine akakumbusha kanuni: mfungwa asiwe pamoja na mfungwa mwenzake. Vinywa viwili, mabakuli mawili, basi ni watu wawili. Hata Pennock aliliona hilo. Toba changa namna ile, akasema, isichezewe, wawatenganishe mapema kabla hawajaharibiana.

Tabitha akaweka kisu chini.

"Obadiah, keshokutwa kwenye ibada tutakaa kimya watu wangapi?"

"Ukumbi mzima, dada. Mabenchi yote."

"Na ukizidiwa moyoni, ukatetemeka, kushoto na kulia kwako kuna bega la mtu?"

"Lipo, ashukuriwe Mungu."

"Sasa hawa mbona mmewapa kimya mkawanyima benchi?"

Watu wakaacha kutafuna. Pennock alikiri kuwa neno hilo ni zito, linastahili kutafakariwa kwa desturi yao. Wakasogeza viti wakakaa kimya wote, bega kwa bega, muda mrefu. Bwana mmoja aliyekuwa amefiwa na mke mwezi ule alianza kulia, na wa kando yake akamshika mkono. Walifarijika mno. Walipoinua vichwa hakuna aliyekuwa na shaka tena, wakaafikiana kuwatenganisha. Tabitha akakusanya sahani kwa kishindo, moja ikavunjika.

Asubuhi Gilfoyle alikuja na mifuko miwili ya kitambaa. Wawili wale walikuwa wameshikana mikono.

"Gilfoyle, niongezeeni miaka," akasema Lemuel. "Mitano, kumi, mnavyotaka. Ninyimeni nyama. Huyu tu mniachie."

"Amri, ndugu yangu. Ingekuwa mimi..."

"Mwambie Bwana Pennock nimesharudi kuwa mtu! Hajaona? Huyu ndiye aliyenirudisha!"

"Ameona. Amefurahi sana."

Kamati haikuwa imesema yupi ahame, maana ilikuwa sawa tu. Gilfoyle akamvika mmoja, akamwongoza kwenye chumba cha ishirini. Ukuta wa katikati ulikuwa wa mawe, unene wa mkono mzima, na kiuani majirani walitolewa kwa zamu. Wote wawili walibisha mchana kutwa, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa kuwa waashi wetu walikuwa hodari.

Miaka mitatu ilipotimia, chumba cha kumi na tisa kikafunguliwa. Mji ulikuwa umefurika langoni, akina mama na maua, wapiga tarumbeta, maana alikuwa mfungwa wa kwanza kukamilisha matibabu yetu. Akatoka Lemuel mweupe kama unga, macho yamefumbwa kwa jua. Tulishangilia! Pennock akamvika koti jipya.

"Na mwenzangu?" akauliza.

"Tumelitazama hilo kwa makini, Rafiki. Hakuna hakimu aliyemhukumu yule, kwa hiyo hana siku ya kutoka."

Lemuel alimtazama. Kisha akatupasua katikati, akafuata ukuta wa nje, akiupapasa, mpaka akakisia kiua cha chumba cha ishirini kiko upande ule. Akainua uso, akaita kwa nguvu zake zote.

"Lemuel! Lemuel!"

Tarumbeta zikanyamaza. Kutoka ng'ambo ya ukuta ikaja sauti kavu, ya mtu aliyesahau kuitumia.

"Nani?"

"Mimi! Niko hapa nje! Lemuel, unanisikia?"

Pennock alikuwa ameshamfikia. Akamshika mkono kwa upole, machozi ya furaha bado mashavuni.

"Twende, Rafiki," akamwambia. "Taratibu. Utamharibia toba yake."