Chale Sita za Évode

Illuminée aliwahi kutukanwa na muuguzi mbele ya watu kwa sababu ya chale. Mwanawe Achille alikuwa mchanga, tumbo limevimba, na bibi wa mtoto alikuwa amemchanja kwa wembe. Tangu siku hiyo Illuminée aliapa kwamba neno chale halitamtoka tena hospitalini.

Miaka kumi ikapita. Jumapili moja ya mwaka 1992, jijini Kigali, alijikuta amesimama kando ya kitanda cha hospitali. Mumewe Évode, fundi wa gereji ya Gikondo, alikuwa amelala chali, jasho linamchuruzika, kifua kimebanwa kana kwamba kimewekewa injini ya lori. Maumivu yalimshika saa tatu asubuhi, wakitoka misa ya kwanza. Yalipopenya hadi mgongoni, jirani yao mzee Jean-Berchmans alikuja mbio na wembe mpya, akampiga chale sita katikati ya mabega, zile ziitwazo indasago, akazipaka majivu ya dawa. Hazikusaidia. Ndipo Gasana, mwenye gereji, alipowapakia kwenye pikapu yake na kukanyaga mafuta.

Sasa ilikuwa saa tano na nusu. Daktari Mutsinzi alitazama karatasi iliyotoka kwenye mashine ya moyo, mstari wake umeinuka kama kilima, macho yakamng'aa.

"Mama, damu imeganda kwenye mshipa wa moyo. Dawa ya kuiyeyusha ninayo, chupa moja, iko kwenye friji. Mmewahi, ila tusizubae. Amepasuliwa karibuni? Ameanguka? Ana kidonda popote?"

"Hapana," alisema Illuminée.

Évode alimkodolea macho. Alitaka kusema, pumzi ikakataa.

Muuguzi Claudette alitia maji ya chumvi kwenye kichupa cha unga, akakizungusha viganjani taratibu, kama anayebembeleza mtoto alale. Alimwona Illuminée anakodoa macho, akamsogezea.

"Haitikiswi hii, mama. Ukiitikisa inatoa povu."

"Na ikiingia mwilini, inaijuaje damu ya moyoni?"

"Haiijui. Inayeyusha kila damu iliyoganda, popote itakapoikuta."

Popote! Illuminée alizikumbuka zile chale sita. Claudette alikuwa ameshaushika mpira wa dripu.

"Ngoja, binti yangu! Ngoja! Nimedanganya. Mgongoni ana chale. Tumempiga leo hii asubuhi!"

Akafumba macho, akisubiri matusi.

Hayakuja. Mutsinzi alimgeuza Évode ubavu, akapandisha shati, akahesabu kwa kidole. Kisha akainua kidogo shati lake mwenyewe. Tumboni palikuwa na alama nne za zamani.

"Alinichanja bibi yangu," alisema. "Asante kwa kusema, mama. Hizi si za kina. Zitatoka damu, lakini tutazibana kwa mkono. Moyo hatuna pa kuubana. Mzee, tutie dawa?"

"Tia, muganga," Évode alinong'ona. "Injini inazimika."

"Nani atabana?" aliuliza daktari.

"Mimi!" alisema Illuminée, mikono imeshanyooshwa.

Dawa ikaanza kudondoka. Baada ya robo saa pamba aliyobania chale ililowa nyekundu. Claudette akampa nyingine, kisha nyingine, kila mara akimpima Évode presha. Kisha alisukuma stuli kwa mguu na kumkalisha Illuminée. Illuminée alibana huku akisali, akapoteza hesabu ya sala, akaanza upya.

Chupa ilipokaribia kuisha, Évode alivuta pumzi ndefu.

"Mama Achille."

"Nipo! Nipo!"

"Kifua kimeachia."

Mutsinzi aliikimbilia mashine ya moyo. Karatasi ilitoka, na kile kilima cha asubuhi kilikuwa kimeteremka. Akapiga makofi kama yuko uwanjani. Claudette akacheka kwa sauti.

"Sasa kinachoniuma ni huo mkono wako," Évode aliendelea. "Toa basi."

"Asiutoe!" alisema daktari. "Bado, mpaka damu ikauke."

"Umesikia?" alisema Illuminée, machozi yakimtiririka, naye anacheka. Akakandamiza zaidi.