Barua Aliyosaini Baba

Yule mama wa dirishani, kwenye ofisi ya uhamiaji, aliisoma barua, akaisoma na tafsiri yake, kisha akanitazama kama mtu anayetafuta namna ya kumwambia mgeni kwamba zipu yake iko wazi.

"Aliyefariki ni huyu?" aliuliza, kidole kwenye jina la baba.

"Ndiyo."

"Na aliyesaini ni huyu?"

Kidole kilishuka mistari minne tu. Jina lilikuwa lile lile: Ambakisye Mwakalinga, Mwenyekiti wa Kijiji. Sahihi yake ilikuwepo, na muhuri wa kijiji umeikalia. Baba yangu alikuwa amethibitisha kwa maandishi kwamba yeye mwenyewe amekufa. Barua ile nilikuwa nimeisoma mara kumi bila kushtuka, maana tangu utoto wangu sijawahi kuona barua ya kijiji isiyo na jina hilo chini.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Agosti 2004. Baba alifariki Jumatatu, Tukuyu. Mimi nilikuwa Hyattsville mwaka wa sita, makaratasi yangu hayajakamilika, na nikitoka Marekani bila kibali ndiyo basi tena, sirudi. Kibali cha dharura kilikuwepo kwa mwenye uthibitisho wa kifo. Na kwetu, kifo huthibitishwa na mwenyekiti.

Sasa mjue huyo mwenyekiti. Baba alikuwa mkulima wa kahawa kwanza, kiongozi baadaye, na kote kuwili alikuwa amenyooka kama rula. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyepata muhuri wake kwa ujanja. Mwaka 1998, nilipohitaji barua ya utambulisho ili nipate pasipoti, nilipanga foleni sebuleni kwetu, nyuma ya mama mmoja mwenye kesi ya mbuzi. Zamu yangu ilipofika, baba alifungua daftari la msaragambo, zile kazi za pamoja za kijiji.

"Lusekelo Mwakalinga. Mtaro wa maji, hatua kumi. Hujachimba."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilichimba siku mbili, viganja vikatoka malengelenge, huku wapita njia wakiniambia, "Pole, mtoto wa mwenyekiti." Nilimchukia, nasema wazi. Nilipanda basi la Dar es Salaam bila kumuaga vizuri, nikidhani muda wa kupatana upo.

Mtu huyo ndiye wa kusaini barua ya kifo chake? Nilitoka nje hadi kwenye maegesho, nikakwangua kadi ya simu na kumpigia mdogo wangu, Atupele.

"Ni sahihi yake kweli, kaka," alisema. "Alipozidiwa, watu walimfuata mpaka wodini. Huyu anataka barua ya shule, huyu ya matibabu. Akasema hawa watahangaika nikiondoka. Akasaini karatasi tupu arobaini, zikapigwa muhuri, akamkabidhi mtendaji wa kijiji. Alilia, kaka. Alisema hajawahi kufanya jambo la aibu kama hilo."

"Na mtendaji akaona hiyo ndiyo ya kunitumia mimi?"

"Alikuwa na haraka ya kukusaidia."

Nilitaka kumtukana mtendaji, nikaishia kulipiga teke tairi la gari la Honorata. Honorata ni jirani yangu, Mhaya wa Bukoba, ndiye aliyetafsiri barua na kunileta pale.

"Nami sikuona, nilitranslate neno kwa neno," alisema, bila kuuliza habari ya tairi. "Mtendaji aandike nyingine, asaini mwenyewe. Wai-fax leo, Monday tunarudi hapa." Alisema Jumatatu kama vile ni baada ya chakula cha mchana.

Maisha yangu yote mzee alinibana. Akalegeza mara moja tu kabla ya kufa, na kulegeza huko ndiko kulikonifungia njia.

Simu ilikuwa bado hewani; kule Tukuyu baba mdogo aliichukua kwa Atupele. "Mwanangu, tunakungoja wewe. Kifungua mimba ndiye anayetangulia kutupa udongo. Hata wiki nzima tutangoja."

"Na watu?"

"Wote wako hapa tangu Jumatatu. Hakuna aliyeondoka."

Nilijua maana yake. Kijijini kwetu hakuna anayeshika jembe wala kuchuma tunda moja wakati maiti haijazikwa.

"Kahawa je, baba mdogo?"

"Imeiva sana. Inaanguka. Wewe usijali kahawa."

Usijali kahawa! Na anayesubiriwa kuzikwa ni mtu aliyetuinamisha chini ya mibuni kuokota punje moja moja, akipita nyuma yetu kukagua. Kijiji kizima kimekaa kwenye mikeka uani kwake, mavuno ya mwaka yanaoza kwa heshima yake, na mimi huku nangoja barua ambayo huenda nayo ikaja na kosa lake. Angekuwa hai angewafukuza wote kwa fimbo.

"Zikeni kesho," nilisema.

"Lusekelo."

"Kesho saa tisa. Keshokutwa watu waingie shambani."

"Na udongo wako?"

"Atupele atautupa."

"Atupele ni mwanamke, mwanangu."

"Atupele atautupa, baba mdogo."

Honorata alikuwa amegeukia upande wa barabara, anajifuta macho kwa upande wa kanga. Nilisikia baba mdogo akivuta pumzi. Kisha alisema, "Haya," kama walivyokuwa wakimwambia baba.

Kesho yake saa mbili asubuhi, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri, nilikuwa ghalani kazini napakia maboksi. Msimamizi aliniuliza kama nimepata kibali. Nilimwambia baba anazikwa sasa hivi. Akatazama saa ya ukutani, akasema niende nyumbani. Nilikataa, nikaendelea kupakia, maana sikujua kwingine pa kuipeleka mikono yangu.