Mzazi Hajisemei

Mwiko uligonga ukingo wa sufuria, na Mejumaa, gizani, akajua uji wa pilipili manga umeiva. Nje ilikuwa saa nne asubuhi, lakini dirisha la chumba chake lilikuwa limezibwa kwa leso tangu ajifungue, na lingebaki hivyo hadi arobaini.

Mtoto alilala ubavuni pake. Mejumaa alimtazama, akangoja ile huruma ya mama imjie. Haikuja. Siku ya kumi na tisa hii, na usingizi nao haukuja.

"Hodi hapa!" Alikuwa Kadzo, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Karibu, mwanangu," akaitika mama mkwe, Bi Mwanakombo.

"Shikamoo, mama. Mzazi anaendeleaje?"

"Marahaba. Hajambo kabisa! Anakula, analala, maziwa tele. Mumewe Salimu akirudi kutoka kazini Galu atamkuta amenawiri kama papai!"

Wakacheka pale barazani. Ndivyo ilivyo: kabla ya arobaini mzazi hajisemei kwa wageni, mkwewe humsemea, kumkinga na jicho la watu.

Mejumaa alifungua kinywa. Alitaka kusema, dada, namwogopa mtoto huyu, na mimi mwenyewe najiogopa. Akakifunga tena. Akasikia Kadzo akiaga, akitafuta viatu vyake.

Saumu, bintiye Mejumaa wa miaka mitano, aliyekuwa ameketi miguuni pake, aliteremka kitandani, akatoka mbio hadi barazani, akamshika Kadzo mkono.

"Mama halali, analia tu."