Vidonge Viwili Kila Jioni

Kikombe changu kina msumari wake. Ni cha bati, cha kijani, kimetundikwa peke yake nyuma ya mlango. Mwaka nilioanza kuanguka, nikiwa na miaka tisa, mama alikifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe ili mgeni asije akakosea akanywea humo. Mama ameshafariki, nyumba ni yangu, hakuna tena wa kukosea, na uzi ule sijaufungua. Mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe huwa nacheka.

Hapa kwetu Kanyezi, upande wa Dedza, watu wanaamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Hawana ubaya. Wananisalimia vizuri, wananiuliza nimeamkaje. Msibani nikifika wananitengea nsima, ugali wa huku, kwenye sahani yangu, na mboga nzuri tu juu yake, kisha wananionyesha pa kukaa, ambapo hakuna mtu mwingine aliyekaa. Nikianguka wanakimbia, kwa sababu wanasema pumzi ya wakati ule ndiyo mbaya kuliko zote. Mume wangu alikuja kuishi kwetu, kama waume wote wa huku wanavyohamia kwa wake zao. Aliniona nikianguka mara ya kwanza siku ya Jumamosi. Jumapili tulikwenda kanisani pamoja. Jumatatu alichukua baiskeli yake, akasema anakwenda kuijaza upepo. Mwaka wa sita huu, nadhani bado anapampu.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda zahanati. Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na kliniki ya wenye kifafa ni Jumanne ya kwanza ya mwezi. Bwana Chimbalanga, tabibu wa pale, ni mtu mfupi mwenye sauti ndogo, na hajawahi kunisogezea kiti mbali. Alinipa vidonge vyeupe vya fenobabitoni, viwili kila jioni baada ya kula. Alinihesabia sitini.

"Vitakulaza," aliniambia. "Wiki za mwanzo utasinzia hovyo, utayumba kama mtu aliyetoka kilabuni, na hasira zitakuwa karibu. Mwili ukizoea, hayo yatapungua. Lakini ukiona vipele mwilini, au midomo inachubuka, usingoje Jumanne. Njoo siku hiyohiyo."

"Na nikichoka navyo?"

"Njoo uniambie umechoka. Usiache mwenyewe. Ukiacha ghafla, kifafa kinarudi kwa fujo, unaanguka hujaamka unaanguka tena. Hapo watu hufa, dada."

Alisema kweli juu ya usingizi. Nilisinzia shambani nimeegemea jembe, nimesimama wima, na nusu ya kijiji ilipita ikaniona. Nilisinzia kanisani mpaka shemasi akanigusa kwa ufagio, si kwa mkono. Nikawa na hasira za kipuuzi, nikamtukana kuku. Nikarudi kulalamika, na bwana Chimbalanga akaniuliza maswali mengi, akanitazama macho na ufizi, akanifanya nitembee kwenye mstari, kisha akasema dozi iko sawa, nivumilie mwezi mmoja zaidi. Nikavumilia. Usingizi ukapungua kweli. Ilibaki akili kuwa nzito kidogo asubuhi, nikazoea maneno kunichelewa mdomoni.

Na sikuanguka. Miezi kumi na moja sikuanguka hata mara moja. Nilidhani watu wangeona. Nilidhani siku moja msibani mtu angesogea kwenye mkeka akasema, Falesi, kaa hapa na sisi. Nilihesabu miezi kwa ajili ya hilo tu. Mwezi wa kumi na moja ukapita, sahani yangu ikaendelea kuletwa kulekule nilikokaa peke yangu, na hakuna aliyesema kitu. Ukweli ni kwamba iliniuma kuliko kuanguka.

Ndipo mama Tadala akaja. Jina lake ni Enelesi, jirani yangu wa chini ya kilima, tumekua pamoja, na tangu mama azikwe hakuwahi kupiga hodi kwangu.

"Hodi wenyewe! Wapo?"

"Mwenyewe yupo. Kwani ulitegemea wangapi?"

Akacheka. Akakaa kwenye baraza yangu, mwisho kabisa wa mkeka, lakini alikaa. "Dada Falesi, nimekuja na aibu yangu."

"Iweke chini, nayo ipumzike."

"Ni mama. Tangu tumzike kaka hajalala. Anazunguka nyumba, anaongea na sufuria. Nikakumbuka wewe ulivyolala na jembe shambani. Nikasema, yule ana dawa ya usingizi. Nakuomba kimoja tu, dada. Kama chumvi."

Kama chumvi. Huku kwetu jirani akija na kibakuli cha chumvi hurudi nacho kikiwa na kitu, hata kama yako ni ya kupikia leo tu. Anayenyima chumvi husemwa mpaka kwa wajukuu. Na mimi kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniomba chumvi, kwa sababu mkono wangu ndio unaichota. Sasa mtu alikuwa kwenye baraza yangu ameninyooshea kiganja. Nikaingia ndani nikatoa kimoja. Nilipokuwa natoka nikarudi nikatoa cha pili.

Bibi Nasibeko, mama yake Enelesi, alilala usiku huo mpaka jua likamkuta kitandani. Kesho yake Enelesi alirudi kunisimulia, akakaa muda mrefu zaidi, na alipoondoka aliondoka na viwili. Wiki ile mama mchungaji akaja, kwa sababu mumewe anakoroma. Akaja mwenye mashine ya kusaga, kichwa kinamlia mashine hata akilala. Baraza yangu ikajaa. Walileta habari za nani kaachwa, nani kajenga, mbuzi wa nani kala maharage ya nani. Enelesi aliniiga ninavyotembea nikiwa na usingizi, akayumba mpaka akashika nguzo, na tukacheka wote mpaka nikajishika mbavu. Kuchekwa usoni, na watu waliokaa kwako, mbona ni raha! Sikuwa nimeijua.

Niliwapikia togwa. Hawakunywa. "Nimetoka kunywa sasa hivi, dada." "Tumbo leo halitaki." Kila mmoja na sababu yake, na nilijifanya naziamini zote. Wakiondoka nilikunywa togwa lile mwenyewe, siku mbili, tatu, mpaka likachacha.

Mtakuwa mmeshahesabu. Sitini ni sitini. Nilianza kumeza kimoja badala ya viwili, nikajiambia kwamba kifafa kimeshakwisha, miezi kumi na moja si mchezo. Kisha nikawa nameza kimoja siku moja na siku nyingine naacha. Nilijisikia mwepesi asubuhi, maneno hayachelewi, nikadhani ndiyo afya. Mikono ikaanza kunitetemeka kidogo. Kulala kukanishinda mimi mwenyewe, mimi niliyekuwa nawagawia watu usingizi. Bwana Chimbalanga nilimwogopa, na Jumanne ilikuwa bado siku sita.

Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Enelesi alikuwa amekaa mkekani, ameegemea nguzo ya baraza, ananisimulia juu ya posa ya mtoto wa mama mchungaji, nami nimechutama mbele yake nakoroga uji kwenye mafiga. Ninakumbuka alisema, "Basi yule kijana akaja na viatu vya kuazima." Sikumbuki kingine.

Niliamka nimelala ubavu, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya makaa. Uji umemwagika wote na ulikuwa umeanza kukauka ukingoni, kwa hiyo nilikuwa hapo muda mrefu. Baraza ilikuwa tupu. Mkeka ulikuwa umekunjika pembe moja, pale mtu aliponyanyuka kwa haraka. Kati ya mkeka na moto ni hatua tatu, nimezipima baadaye. Nilikaa nikaita, "Mama Tadala!" Nikaita tena. Bondeni nilisikia mtu akitwanga mahindi. Alisimama nilipoita, kisha akaendelea kutwanga.

Nilifunga mkono kwa kitenge nikatembea kwenda zahanati peke yangu. Mwendo ule wa saa tatu ulinichukua saa tano.

Bwana Chimbalanga alisafisha kidonda. Alipomaliza akasema, "Nionyeshe chupa."

Vilikuwa vitatu.

"Panya," nikasema.

"Panya wa Kanyezi wanalala vizuri, basi. Juzi nimeletewa bibi kizee kutoka kwenu. Anayumba, goti limevimba, ameanguka kwenye ngazi ya mlango wake mwenyewe. Binti yake anasema ni uzee. Nikamuuliza bibi anameza nini, akaniambia, vile vyeupe vya Falesi." Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoanza kulia. "Dada, dozi hii nilikupimia wewe. Kwa mzee kama yule inamlewesha, inaweza kumvunja nyonga. Angepewa mtoto mchanga, au mtu aliyekunywa pombe, angeweza kulala asiamke. Na wewe uliyenyang'anywa umeungua. Umefanya ubaya pande zote mbili kwa mkono mmoja."

"Hawakuninyang'anya. Niliwapa."

"Kwa nini?"

Maneno yalinichelewa, na safari hii haikuwa dawa. "Walikuwa wanakaa," nikasema.

Akaviweka vile vitatu pembeni, akachukua kijiko cha kuhesabia akanihesabia sitini vipya, taratibu. Akaniambia nirudie viwili kila jioni, nisizidishe kwa kufidia nilivyokosa, na kwamba usingizi utarudi siku za mwanzo kama ule wa mwaka jana, nisikae karibu na moto wala nisiende mtoni peke yangu. Mtu asiyelala aje kwake, atamsikiliza. "Na aliyekuwa nawe alipaswa kukuvuta kwenye moto tu," akasema. "Akulaze ubavu, asikutie kitu mdomoni, akungoje. Hilo haliambukizi mtu."

"Mwambie wewe," nikamjibu.

Siku nane hakuna aliyepanda kilima. Nilimeza viwili, nililala, nikaamka mzito, nikalima kidogo kwa mkono mmoja. Kijijini walisema kifafa kimenirudia kwa sababu nilijivuna.

Siku ya tisa, jua likiwa bado juu ya vilima, nilikuwa nimemaliza kula nsima yangu. Nilikuwa nimeteka maji kwenye kikombe cha kijani na kuweka vidonge vyangu viwili kiganjani. Nikasikia hodi. Nilimjua kabla sijamwona.

Enelesi alikuwa na mayai matatu kwenye kitambaa. Aliyaweka ukingoni mwa baraza. Hakutazama mkono wangu uliofungwa.

"Pole, dada Falesi."

"Nimepoa."

"Siku ile nilikwenda kuita watu."

"Walikuwa mbali?"

Akaramba midomo. "Mama amekuwa mbaya. Tangu avikose hajafumba macho, ananitukana matusi ambayo hata sikujua anayajua. Goti limepona. Kimoja tu, dada. Nusu. Nakuomba."

Nilijua la kusema. Nilikuwa nimelisema kwa kuku siku nane: mpeleke zahanati, hivi ni vyangu, vitamvunja nyonga. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Badala yake nilikinyanyua kikombe nikakiweka kwenye mkeka kati yetu.

"Umepanda kilima," nikasema. "Kunywa maji kwanza."

"Ah, nimeshiba."

"Maji?"

"Nimeshiba maji."

"Fundo moja, mama Tadala. Ukinywa nitakupa." Nikafungua kiganja akaviona vyote viwili.

Alivitazama. Akakitazama kikombe, akautazama uzi ambao mama aliufunga sisi wote wawili tukiwa hatujamaliza kuota meno ya ukubwani. Akakishika mkono kwa vidole viwili. Akakinyanyua. Kilifika kidevuni, nikaona maji yakicheza.

Akakirudisha kwenye mkeka.

"Nasikia mtoto analia kule," akasema.

Tadala, mwanawe, ana miaka ishirini na ameolewa Salima. Hakuna mtoto aliyekuwa akilia Kanyezi nzima. Enelesi aliteremka kilima upesi upesi, na mayai akayaacha.

Sitawadanganya. Angekunywa, hata fundo la ndege, ningempa vyote viwili. Mkono umeungua, maneno ya bwana Chimbalanga yote ninayo kichwani, goti la bibi kizee nalijua, na bado ningempa, na kesho ningempa tena. Nilikaa pale nikiujua moyo wangu ulivyo.

Kisha nikaviweka vidonge mdomoni, nikashika kikombe, nikanywa maji yote mpaka chini. Nikakitundika kwenye msumari wake. Kabla usingizi haujaja nilifungua chupa nikahesabu, na vilikuwa arobaini na viwili, vyote vyangu.